Eda ya Mayfair

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa Mei, mwaka 2011, baridi ya Johannesburg ndiyo kwanza inaanza kuuma. Kifua kilimbana Jumatatu, Alhamisi hatunaye. Wanaume wakamswalia baada ya Alasiri, wakamchukua wakaenda kumzika. Mimi nikabaki chumbani na wanawake, kama ilivyo desturi yetu, nikisikiliza magari yakiondoka moja moja.

Waliporudi, rafiki yake mmoja alikuja akasimama uani. Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, na kwa miaka walipakua pamoja majora ya vitambaa kwenye maduka ya Fordsburg. Hakuingia. Alisema nami kupitia mlango ulioegeshwa.

"Shemeji, mimi ndiye niliyeshuka kaburini nikampokea. Siku utakayotoka eda, nitakupeleka mwenyewe nikuonyeshe."

Majira yote ya baridi niliishi na ahadi ile. Makaburi ya kule ni mengi na yote yanafanana: tuta la udongo na kibati chenye namba, na vibati vyenyewe hung'olewa na wauza vyuma chakavu. Ofisini labda wangenitajia mstari. Mimi sikutaka mstari. Nilimtaka mtu aliyemshika mume wangu kwa mikono yake, aniambie alivyomlaza. Sikuwa nimemuaga, na wa kunifikisha alikuwa huyo mmoja.

Basi nikakaa eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Kwetu Muheza mjane hukaa nyumba imejaa watu: mashangazi, mawifi, huyu anapepeta mchele, yule anasengenya, na siku zinasogea. Huku Mayfair nilikuwa na chumba kimoja cha uani, binti yangu wa miaka saba, na hita yenye nyaya mbili, mmoja ulishakufa. Watu wa msikitini walituletea chakula na kodi ya chumba wakaibeba wao.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Kila aliyekuja kunipa mkono wa pole aliniambia nishukuru. Shukuru alikufa kitandani. Shukuru hakuumwa sana. Shukuru kakuachia mtoto. Nilikuwa naitikia alhamdulillahi kwa mdomo, na mgeni akigeuza kisogo nasonya. Yarabi, nilisema, huyu mtu alikuwa na miaka thelathini na sita, hapo nishukuru nini? Ubaya wa eda ya ugenini ni kwamba hakuna wa kukuzuia usigombane na Mungu wako.

Juni bomba la uani likaganda. Asubuhi nyasi ziliamka nyeupe, na maji ya kutawadha yalinichoma vidole hadi nikatoa machozi, na nikishaanza kulia kwa ajili ya maji, naendelea kwa ajili ya mengine.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mwanamke wa Kikongo wa Bukavu, Mkristo, muuza soksi na glavu kwenye barabara za Marshalltown. Yeye hakuniambia nishukuru hata siku moja. Alikuwa akimpeleka binti yangu shule akienda kwenye biashara yake, na kabla ya kutoka alinigongea mlango.

"Mama mtoto, jua imefika. Kuya ukae."

"Wewe na Kiswahili chako hicho, jua lenyewe litakasirika lirudi lilikotoka," nilimjibu.

Akacheka, akaenda zake. Na kweli jua lilikuwa limefika. Lilikuwa linaingia kwenye kizingiti changu asubuhi, kipande cha upana wa mkeka wa kuswalia, na mimi nilikaa ndani ya kipande kile nikisogea nacho mpaka kiishe. Jioni alirudi na machenza aliyonunua kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani. Machenza katikati ya baridi! Kwetu ndiko yanakotoka machenza, nikayadharau kabla ya kuyaonja. Nikala moja, nikala la pili. Yalikuwa matamu, na niliudhika kwa kuwa yalikuwa matamu. Usiku ule sikuomba dua ndefu. Nilisema tu: kwa machenza, sawa.

Ndivyo ilivyoanza, kwa shingo upande. Kwa machenza, sawa. Kwa yule mama wa Kisomali wa dukani aliyemfunika binti yangu shali lake akasahau kulidai, sawa. Ramadhani ikaingia Agosti, na saumu za baridi hazina kiu. Kwa hilo pia, sawa. Makubwa niliyaacha, sikuwa tayari kwa makubwa. Upepo wa Agosti ukaja na vumbi la vilima vya migodi, ukatujazia mchanga kwenye futari, na baada ya upepo ule jua likaanza kukaa kizingitini hadi mchana.

Baada ya Idi zikaja habari. Rafiki wa mume wangu amepata kazi Durban kwa tajiri mwingine, na lori la kuwachukua, yeye na mkewe na vyombo vyao, linaondoka Jumapili adhuhuri. Nikaitazama kalenda yangu ukutani, kalenda ya bucha, ambayo kila jioni nilikuwa naikata siku kwa kalamu ya binti yangu. Eda yangu ilikuwa inaisha Alhamisi ya baada yake.

Jirani yangu alipoona uso wangu akaniuliza, nikamweleza. Akashika kiuno.

"Twende kesho. Mungu si askari wa uhamiaji, atakuelewa."

"Wewe usinifundishe eda!" nikamkemea. "Nimekaa miezi yote hii, leo nije niiharibu mwishoni? Mume wangu hakuniachia mali ya kumtunzia. Hii ndiyo pekee ninayoweza kumfanyia."

Akaenda kwake akafunga mlango polepole, nami nikakaa kitandani nikijua kwamba nimeshinda ubishi na kaburi nimelipoteza.

Jumamosi mchana mke wa yule rafiki akaja kuniaga. Alinikuta nimejitanda kaniki yangu ya eda, akasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mbona bado umevaa hivyo?"

"Si niko eda?"

"Eda gani? Si marehemu alifariki mwandamo wa Mfungo Tisa?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mfungo Tisa, Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Halafu kumi za Mfungo Mosi. Imeisha jana, dada yangu. Eda ni kwa mwezi mwandamo. Wewe umehesabu kwa mwezi gani?"

Nikamwonyesha kalenda ya bucha. Alijitahidi asicheke, masikini, lakini ikamshinda. Haki ya Mungu, mimi mtoto wa chuoni, niliyecharazwa bakora na mwalimu nikiimba miezi ya Kiislamu, eda nimeihesabu kwa miezi ya mishahara! Ramadhani imepita mbele ya pua yangu, mwezi wa Idi nimeusikia ukitangazwa, na bado nimeshikilia picha ya ng'ombe ukutani. Nikacheka naye hadi tumbo likauma, mara ya kwanza tangu Mei, na kicheko chenyewe kikageuka kilio, na yeye akanishika hadi kikaisha. Siku zile chache sikuwa nimezitafuta kwa dua wala kwa akili. Nilipewa tu.

Jirani yangu ndiye aliyenichemshia maji ya kuogea. Nilimwomba radhi, akasema, "Eish, oga kwanza."

Jumapili asubuhi tulikwenda sisi wanne kwa pikapu ya kuazima: yule rafiki, mkewe, mimi na binti yangu. Nyasi za makaburini zilikuwa zimeungua kwa mioto ya baridi, na katikati ya weusi ule vilikuwa vimeanza kuchomoza vijani. Rafiki yake alitembea bila kusita, akapita matuta mengi, akasimama.

"Ni hapa. Kichwa kiko huku. Nilimlaza ubavu wa kulia, kamba za sanda nikazifungua mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Kibla cha huku ni kaskazini, shemeji. Na jua la baridi nalo linapita kaskazini. Uso wake uko upande wa jua."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumwambia mume wangu. Binti yangu akanitangulia.

Binti yangu amezaliwa huku. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu. Baba yake alikuwa akimbembeleza kila siku amwamkie kwa Kiswahili, na kila siku alishindwa. Alisogea pale alipoonyeshwa kichwa, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Shikamoo, baba."

Alisubiri kwa adabu, kama mtoto aliyefunzwa kwamba mkubwa asipoitikia hujaruhusiwa kuinuka. Yule rafiki akageuza uso. Mkewe akageuza uso.

"Marahaba, mwanangu," nikasema mimi.