Maharage Yaliyoivia Kapuni

Mwezi uliopita ofisini kwetu walitupeleka semina ya ubunifu. Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi cha kugandisha mtu, tukapewa vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani, na mwezeshaji, kijana wa raba nyeupe, akatuambia kila mmoja aandike jina la mbunifu wa kwanza aliyewahi kumjua. Wenzangu wakaandika matajiri wa nje wanaowaona kwenye simu. Mie nikaandika "mama", halafu nikakikunja kile kikaratasi nikakitia mfukoni. Si kwamba namwonea haya mama yangu. Au tuseme, niliwahi kumwonea haya, na ukinivumilia kidogo nitakueleza ilikuwaje.

Tulikuwa tunakaa Keko, Temeke, mitaa ya mafundi wa makochi. Asubuhi unaamshwa na msumeno kabla ya adhana kumaliza kukuamsha, na mchana kutwa ni nyundo, randa, harufu ya gundi na vanishi, vumbi la mbao mpaka kwenye chai. Mama alikuwa na kibanda cha chakula mbele ya karakana moja kubwa: mabati manne, mabenchi mawili, majiko mawili ya mkaa. Wateja wake ni hao mafundi. Aliwapikia wali, ugali, mchicha, dagaa, lakini kilichowaleta ni maharage ya nazi, maana alikuwa anayaacha yaive mpaka yanasagika yenyewe mdomoni. Nikitoka shule napitia kibandani, nakula kwanza, ndipo naosha vyombo.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne yalitukuta vibaya. Mkaa wote wa mtaani ulilowa, unatoa moshi tu kama unakulaumu. Maharage yakawa yanakalia jiko moja tangu alfajiri hadi karibu saa sita, na jiko moja lililobaki haliwezi kupika wali, ugali na mboga kwa wakati. Chakula kikawa kinaiva saa tisa. Fundi mkuu wa karakana, mzee mmoja mpole aliyekuwa haondoi penseli sikioni, alimwambia mama, "Mama, sie tunakula saa saba. Saa tisa ni saa ya kwenda nyumbani." Hakusema kwa ubaya, ila siku iliyofuata vijana wake wanne walikula kwingine.

Basi asubuhi moja mvua ikaingia hadi kibandani. Mama akaepua sufuria la maharage, ndiyo kwanza yametokota, akalitumbukiza kwenye kapu kubwa la ukindu alilokuwa anabebea sahani. Kapu lenyewe alikuwa amelitandika vipande vya sponji alivyoviomba kwa mafundi, sahani zisivunjike. Akafunika kwa kanga, juu akaweka sponji jingine mvua isiingie, akakimbilia nyumbani kuokoa godoro. Aliporudi saa tano na kitu alifunua ili ayamwage, akakuta yameiva.

Mtu mwingine angesema ni bahati, akapakua, maisha yakaendelea. Mama alikaa kwenye benchi na kijiko mkononi, akala harage moja, akala la pili, analitazama lile kapu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kesho yake akaomba sponji zaidi.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Jaribio la kwanza alitia sufuria nusu tu, joto likaisha njiani, tukala maharage ya kung'ata na kushinda kutwa tukipishana na wapangaji wenzetu kwenye mlango wa choo cha uani. Jingine yalichacha kabisa. Akajifunza kwamba sufuria lazima lijae, lichemke dakika ishirini na mfuniko wake, liingie kapuni upesi, na lisifunuliwe. Kulilinda lisifunuliwe ikawa kazi yangu siku za mapumziko, nami nilikuwa mlinzi mbovu, maana mwizi mwenyewe nilikuwa mimi. Kila baada ya muda nainua kona ya kanga nichungulie. "Ukifunua, umekula muda wa watu," mama alikuwa ananiambia. "Moto ni wa kuchemshia. Kuiva ni subira." Baadaye alikuwaga anayasema hayo hayo kuhusu ndoa.

Baada ya wiki mbili mambo yakakaa sawa. Jiko moja likabaki huru, chakula kikawa tayari saa sita na nusu, mafundi wakarudi wote na wengine wakaongezeka. Mkaa tuliokuwa tunanunua ndoo mbili kwa siku, tukawa tunanunua moja. Mama hakumwambia mtu. Si kwa uchoyo, alitaka awe na uhakika kwanza.

Hapo ndipo mie nilipoharibu. Tulikuwa kwenye foleni ya bomba shuleni, watoto tunashindana mama wa nani anaweza nini. Mwenzangu mmoja, binti wa jirani yetu, mama aliyekuwa anatuuzia mkaa, akasema mama yake anabeba gunia zima peke yake. Nami sikuwa tayari kushindwa. Nikasema, "Mama yangu anapika maharage bila moto. Anayaweka kwenye kapu, anakwenda zake, akirudi yameiva." Sikutaja kuchemsha wala sponji. Sifa ikitajwa na maelezo yake hainogi.

Muuza mkaa alikuwa ameshaanza kujiuliza. Mtu anayepikia watu arobaini ananunua ndoo moja, anapikia nini? Binti yake alipofika nyumbani na habari ya kapu, jibu likawa limepatikana. Na kilichomalizia kabisa ni kwao mama. Mama yangu ni mtu wa Sumbawanga. Kama wewe ni wa Dar sina haja ya kukueleza. Ukitaja tu Sumbawanga, mtu anacheka kwanza, halafu anasogeza kiti. Huko eti wachawi wanaituma radi dukani kama mtoto. Ulikuwa utani siku zote, na mama mwenyewe aliucheka. Wiki ile haukuwa utani tena. Yakasemwa majini, zikasemwa ndumba, yakasemwa maharage yanayochemkia tumboni mwa mtu.

Mabenchi yakabaki matupu. Alibaki fundi mkuu peke yake, ambaye alisema ana umri wa kutosha kufa kwa chochote. Mama akawa anapika sufuria dogo, na hata hilo jioni anarudi nalo nyumbani. Baba alikuwa ameshatutoka, kibanda ndicho kilichokuwa kinatulisha na kutulipia chumba, mimi na mdogo wangu. Niliyajua hayo vizuri, nisijifanye nilikuwa mtoto sana.

Na nilifanya nini? Shuleni walinibatiza "mtoto wa kapu". Badala ya kusimama niseme maneno yalitoka kwangu na yalikuwa nusu, nikawa naacha njia ya kibandani. Nilikuwa napita nyuma ya karakana, kwenye malundo ya mbao, nisionekane nikimsalimia mama yangu, kisha naenda moja kwa moja nyumbani. Nikamdanganya kwamba kuna tuisheni. Akasema, "Haya." Siku tisa nilipita njia ile, na kila siku roho inaniuma, na kesho yake napita tena.

Jumamosi, mtaa mzima ukasikia kwamba mama amemwita muuza mkaa mbele ya karakana. Nikakimbilia kwenye mbao zangu, nikajibanza. Muuza mkaa alikuja na kanga kajifunga kiunoni, mikono kaikunja kifuani, na nyuma yake watu wasiopungua thelathini. Mama alimwambia, "Jirani, nimekuomba uje na mkaa wako na maharage yako. Yangu ni sufuria na kapu tu. Washa mwenyewe, bandika mwenyewe."

Yule mama akawasha, akabandika maharage aliyokuwa ameyaloweka kwake. Fundi mkuu akashika saa. Yalipotokota dakika ishirini mama akageuza kapu kinywa chini watu waone hakuna kitu, akalipanga sponji moja moja mbele yao, akatia sufuria, akafunika. Kisha akalisukuma lile kapu hadi miguuni pa muuza mkaa.

"Sasa libebe uende nalo kwako," akasema. "Funga mlango. Lisomee dua ukitaka. Saa saba ulirudishe hapa, na tafadhali usilifunue."

Watu wakaguna. Katika ule umati wote ni mie peke yangu niliyejua alichofanya. Nimelilinda lile kapu. Mtu akilifunua, joto linatoka, maharage yanabaki mabichi, na mama yangu hatapika tena Keko. Jina lake lote alikuwa amelikabidhi kwa mtu yule yule aliyelichafua. Nikasema moyoni, mama kachanganyikiwa.

Saa saba muuza mkaa alirudi na kapu kichwani, anatembea polepole. Akalitua.

"Nimelifunua," akasema. "Mara moja. Nilitaka nione kama kuna kitu."

"Ukaona nini?" mama akauliza.

"Mvuke."

Watu wakacheka, mama hakucheka. Alipakua, akampa fundi mkuu sahani. Mzee akatafuna taratibu kama anayepima ubao. "Ya juu yana kiini kidogo," akasema. "Ya chini yameiva." Kisha akainyoosha ile sahani aongezewe. Kijana mmoja wa karakana akachukua kijiko, na mwingine, na muuza mkaa mwenyewe akala, amesimama, hamtazami mtu.

Nilitoka nyuma ya mbao. Nikaenda kwenye karai la vyombo. Mama alinitazama kidogo tu, akasema, "Anza na masufuria."

Mchana ule ule aliwafundisha wote waliotaka: sponji kiasi gani, kanga ya aina gani, usifunue. Wiki chache tu mama lishe wa mitaa yote ile wana makapu. Muuza mkaa naye akaanza kuuza makapu yaliyokwisha kutandikwa, pembeni ya magunia yake. Biashara ni biashara. Mie nilikasirika, nikamuuliza mama kwa nini ametoa siri yake bure. Akasema, "Akili ni nywele. Wakininyoa, zitaota nyingine." Na kweli zilikuwa zinaota, ila hayo ni mengine.

Leo ukienda pale hukuti kitu. Karakana imekuwa ghorofa ya maduka, mafundi wametawanyika, fundi mkuu tulimzika, na muuza mkaa alihamia kwa wanawe Mbagala, sikumsikia tena. Watu wanapika kwa gesi, na maharage yanauzwa yameshachemshwa, kwenye mifuko. Sina ugomvi na gesi, hata mie napikia hiyo. Kinachonisikitisha ni kwamba wanangu hawajawahi kumwona mtu mzima amekaa kwenye benchi akiwaza sufuria.

Mama siku hizi anakaa Kigamboni kwa mdogo wangu. Juzi Jumapili nilivuka daraja nikaenda kumwona, nikamkuta kibarazani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa naye, na katikati ya mazungumzo ya magoti na bei ya samaki nikalitoa lile lililonikaa miaka yote.

"Mama, yale maneno ya uchawi yalianzia kwangu. Mie ndiye niliyesema shuleni."

"Najua," akasema, mkono haukuacha mchele. "Mwalimu wako aliniambia wiki ile ile."

"Na tuisheni haikuwepo."

"Hiyo nayo najua. Nilikuwa naiona sare yako inapita nyuma ya mbao."

Nikashindwa kumtazama. Nikamuuliza basi kwa nini alimpa yule mwanamke kapu, wakati angeweza kusubiri tu. Maneno ya watu huchoka. Na kama angelifunua mara tatu?

Mama akapepeta ungo, akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Wateja wangerudi tu, mwanangu. Njaa haijui mchawi," akasema. "Wewe ndiye niliyekuwa sina uhakika kama utarudi."