Moto Usiopika Kitu

Juma lililopita nilikuwa Vitengeni, ambako mtaalamu mmoja kutoka Ulaya alikuja kuwafundisha kina mama jiko la udongo linalookoa kuni. Mtu mcheshi, na Kiswahili anakijua. Gari lake aliliacha likinguruma nje ya darasa, vioo vimefungwa, ili akimaliza alikute na ubaridi wake.

"Mama zangu," akaanza, "kuni mnazimaliza. Chakula kikishaiva, moto mnauacha ukiwaka bure."

Bibi mmoja aliyekaa mbele akatikisa kidole. "La, mwanangu. Kikiiva twazitoa kuni, twazizima mchangani. Kaa moja twalifukia jivuni, ndilo la kuwashia jioni." Akafukia kaa lisilokuwapo kwa viganja viwili, polepole, kama anayemfunika mtoto. Kisha akageukia dirishani. "Na gari lako hilo, liko safarini?"

"Hapana, bibi. Limesimama."

"Mbona basi moto wake hukuuzima?"

Darasa zima lilicheka. Mgeni naye akacheka hadi masikio yakawa mekundu, akatoka, akazima.

Jiko lake ni zuri, nakiri. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaka, maana kuni siku hizi ziko mbali. Nilipomwambia kwamba yafaa naye apelekwe Ulaya akafundishe, hakusita.

"Nitakwenda," akasema, akijifunga leso. "Ila waambie wazime magari kabla sijafika. Somo hilo nimeshalitoa, sirudii."