Wewe Hujaalikwa

Kungoja sikuwezi. Maji ya chai nayafunua mara tatu kabla hayajachemka. Basi la Bujumbura likichelewa kujaa hapa Rumonge, nashuka naanza kutembea, halafu linanipita njiani na abiria wote wananichungulia dirishani. Kwa hiyo aliyeniambia kwamba kuandika blogu kunatuliza moyo, yeye labda alijaliwa moyo wa aina nyingine. Mimi kulinikondesha.

Nilianza kwa sababu ya dada yangu. Yeye mkubwa, mimi mdogo, na hatuna mwingine. Tulikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na ulipofika wakati wa kurudi Burundi yeye alibaki huko na mume wake na uraia wake mpya, mimi nikarudi na mama. Mama akapata kipande cha michikichi upande wa Kigwena, akazeeka nacho, akafariki. Karatasi za dada za kuvuka mpaka hazikutoka kwa wakati. Mazishi aliyafuata kwenye simu yangu, nimeishika mimi, nimenyoosha mkono juu ya vichwa vya watu.

Baada ya matanga aliniomba kitu kimoja tu. Nimwandikie miaka yote ya mama ambayo yeye hakuiona, tangu siku tuliyovuka mpaka hadi siku yake ya mwisho. Kusimuliana kwa simu tulikuwa tumejaribu, tukaishia kulia kila mtu kwake mpaka vocha ikakata. Nikaahidi.

Wiki ile ile walimu tuliitwa kwenye mafunzo ya siku moja kuhusu vifaa vya mtandaoni, na mwendeshaji akatuonyesha jinsi ya kufungua blogu bure. Nikaona hapo ndipo pa kumweka mama: kila posti na kichwa chake na picha yake. Wenzangu walikuwa bado wanauliza nywila ni nini, mimi nimeshachagua rangi ya ukurasa.

Taabu yangu ni Kifaransa. Shule nilisoma Tanzania, kwa Kiswahili na Kiingereza kidogo. Kifaransa nimekiokota ukubwani, kwenye mabango na kwenye vikao vya walimu, nacho ndicho kilichojaa kwenye kompyuta ya shule niliyoandikia. Neno *supprimer* nililijua siku nilipolibonyeza na posti yangu ya kwanza, ya mama kubishana na muuza ndagala, dagaa wa huku, sokoni, ikapotea yote. Niliiandika upya kwa hasira, na mpaka leo naamini ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi.

Sasa kabla ya yote hayo, siku ile ya kufungua, kompyuta iliniuliza swali moja. Blogu yako iwe *public* au *privé*?

Swali hilo kwa mtu wa Rumonge ni rahisi mno. Mimi nafundisha shule ya *public*, ya serikali. Watoto wanabanana dawati moja mpaka wa pembeni anaandikia gotini. Shule ya *privé*, ya kulipia, ina vioo madirishani na watoto wenye soksi. Hospitali ni hivyo hivyo: *public* unaamka alfajiri kupanga foleni, *privé* unakaribishwa kiti. Nikatazama yale maneno mawili, nikamfikiria mama aliyekaa foleni maisha yake yote, nikasema leo na yeye atakaa pazuri. Nikabonyeza *privé*, na wala hawakunidai kitu.

Posti ya kwanza ilipotoka nilimtumia dada kiungo, nikaandika chini yake: "Dada, mama huyu hapa." Halafu nikaanza kungoja.

Ile blogu ina mahali pa kuonyesha umesomwa mara ngapi. Hicho kifaa, kama kingekuwa kinakaa mlangoni kwangu, ningekitupa ziwani. Asubuhi nafungua: mara tatu. Saa ya mapumziko: mara saba. Nashuka mpaka ufukweni ambako maji yamepanda na kumeza njia ya zamani, nasimama kati ya wanawake wanaoanika ndagala, nafungua tena: mara tisa. Nikajiambia dada anasoma. Anasoma, anarudia, na hasemi neno.

Hakusema neno wiki ya kwanza, wala ya pili. Nikaandika nyingine, ya mama na michikichi. Nikaandika ya mama kukataa kujifunza Kifaransa na kuwasalimia maofisa wote kwa Kiswahili cha Tanzania mpaka wakamzoea. Nikaongeza nyingine tatu. Namba zinapanda, dada kimya. Nikimpigia hapokei, au anapokea anasema yuko sokoni anauza vitenge vyake, tutaongea. Nami ni mwenye kiburi. Sikuuliza.

Wiki ya sita nilishindwa. Watoto walikuwa nje wanacheza, mimi nimekaa darasani peke yangu, namba inasema arobaini na moja. Mara arobaini na moja mtu amemsoma mama yangu na hana hata asante. Nikaandika posti moja fupi. Nilisema wako watoto wanaozika kwa simu, halafu wanaagiza hadithi za marehemu kama mtu anayeagiza soda. Jina sikuweka, halikuhitajika. Nikabonyeza *publier* itoke, nikaenda kupiga kengele dakika kumi kabla ya wakati.

Na bado hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Karibu na soko kuna mama mmoja mwenye chumba cha kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu, *secrétariat public* kama wanavyoziita. Ni wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walitoka Kongo, na mashine zote anazijua kwa mkono. Nilipeleka mitihani ya watoto itolewe nakala, nikajikuta namweleza kuhusu blogu yangu yenye msomaji mkaidi. Akaomba kiungo, akifungue kwenye simu yake. Akatazama. Akanigeuzia simu nione mwenyewe.

Kulikuwa na ukurasa mweupe na mistari miwili ya Kiswahili: *Ukurasa huu ni wa walioalikwa. Wewe hujaalikwa.*

Nikamwambia simu yake mbovu. Akachukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio, akacheka mpaka akaweka mkono kifuani.

"Mwalimu, hii iko *privé*," akasema. "Hapa si ku masomo ya watoto. *Privé* ya huku ni kusema umefunga mulango. Uko ndani peke yako."

Nikauliza kuhusu wale arobaini na moja.

"Ni weye. Kila ukifungua, inakuhesabia weye."

Nilikaa kwenye benchi lake na mitihani mapajani. Mara arobaini na moja nilikuwa nimejisomea mwenyewe. Na dada yangu, aliyekosa karatasi ya kuja kumzika mama, nilikuwa nimemtumia kiungo kwa maneno "mama huyu hapa", na alipobonyeza ameambiwa hakualikwa. Namjua dada. Asingeuliza kama ni kosa la mashine. Angeweka simu chini na kuendelea kukunja vitenge.

Yule mama akaniuliza kama afungue mlango. Nikamwambia afungue, upesi, wote, sasa hivi. Akabonyeza mara moja, posti zote saba zikatoka hadharani. Nikamwandikia dada ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikaeleza habari ya shule za *privé* na soksi, nikamwomba abonyeze tena. Nikalipa fotokopi, nikatoka, nikazunguka soko zima kumpa dada nafasi ya kusoma.

Nilikuwa nimefika kwenye vibanda vya mawese ndipo nikaikumbuka ile posti ya wiki ya sita.

Nilikimbia kurudi kwa yule mama, maana peke yangu sikuthubutu tena kugusa mipangilio. Mwanamke wa umri wangu, kitenge mkono mmoja na mitihani mkono mwingine, nikikimbia sokoni mchana kweupe, na wazazi wa wanafunzi wangu wananisalimia amahoro mwalimu. Nilipoingia kwa yule mama nilikuwa sina pumzi ya kusema. Tukafungua. Ile posti ilikuwa ya juu kabisa, kwa sababu ndiyo ya mwisho kuandikwa, na chini yake tayari kulikuwa na maoni. Yalikuwa ya dada.

"Mdogo wangu, ni kweli nilizika kwa simu. Nimesoma zote saba. Mama umemweka vizuri. Lakini chaji yako iliisha kabla ya udongo, na hapo hujaniandikia. Niandikie hapo."

Yule mama wa fotokopi alisoma begani kwangu, akaenda kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Chaji haikuisha. Hilo ndilo sikuwa nimemwambia mtu. Jeneza lilipoanza kushuka, dada alilia kutoka mkononi mwangu kwa sauti ambayo watu wote waligeuka kuitazama, sauti ya mtu aliye mbali na anajua yuko mbali, nami sikuweza kuishika simu tena. Nikaizima. Nikaifunga kwenye ncha ya kitenge, nikalia kilio changu mwenyewe kwa nafasi. Jioni nikamwambia chaji. Ndiyo maana niliandika mama na ndagala, mama na michikichi, mama na maofisa, nikazunguka kote nisifike kaburini. Na kisha nikamtukana kwa kuzika kwa simu.

Nilirudi shuleni nikaandika posti ya nane. Sikuweka picha. Niliandika jinsi alivyoshuka, nani alitupa udongo wa kwanza, maombi yalivyokwenda, na nilichofanya na simu. Ile ya matusi sikuifuta. Kompyuta iliponiuliza nani aone, safari hii nilisoma taratibu. Kulikuwa na chaguo la tatu, la kuweka neno la siri. Nikaweka jina tulilokuwa tukimwita mama jikoni tukidhani yeye hatusikii. Dada hahitaji kuambiwa.

Kisha nikatoka nje ya blogu yangu kabisa, kama alivyonifundisha yule mama wa fotokopi, ili isinihesabu mimi. Sikugusa simu siku mbili. Nilifua mapazia yasiyo machafu. Siku ya tatu nikaenda kwa yule mama wa fotokopi, nikampa simu, nikamwomba aangalie yeye.

Akasema ile ya nane imefunguliwa, mara moja tu.