Ukuta Niliouchora Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Shangazi yangu, dada wa baba, aliishi Haltom City, saa nne kwa gari kutoka Houston, kwenye nyumba za kupanga za ghorofa mbili. Nyuma ya jengo lake kulikuwa na kiwanja kitupu cha majani makavu na mialoni miwili, na katikati yake miguu ya watu ilikuwa imechonga njia. Wauguzi wa Kikenya, akina mama wa Kikongo, watoto wa shule, wote walikatiza hapo kwenda kituo cha basi. Shangazi alipita kila siku saa saba mchana, akienda kuosha vyombo kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Mimi nilikuwa mchoraji katika ofisi ya wasanifu majengo. Sikuchora majengo, nilichora vinavyoyazunguka: miti, kokoto, kuta. Kiwanja kile kiliponunuliwa ili pajengwe maduka, kazi ikaletwa mezani kwangu. Masharti yalikuwa wazi. Mimea iwe ya jangwani, isiyotaka maji mengi, maana mvua zimekuwa haba. Mapipa ya taka yafichwe. Na kwenye mpaka na nyumba za zamani ujengwe ukuta wa futi nane usio na tundu, ili wateja wasione upande wa pili.

Upande wa pili ndiko lilikokuwa dirisha la jikoni la shangazi.

Nilikwenda kupima. Njia niliiona, nikaipiga picha. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kujaza miti, mitaro na nguzo za umeme. Pa kujaza njia ya watu hapakuwapo.

"Hatuwezi kuweka mlango mdogo?" nilimuuliza bosi.

"Usiwe na tundu, wameandika. Chora kama walivyosema."

Nikachora. Sikuuliza tena, na shangazi sikumwambia.

Ukuta ukasimama. Ile mialoni miwili iliyokuwa na kivuli ikang'olewa, pakamwagwa kokoto. Shangazi akanipigia simu.

"Mwanangu, wametufungia kama mbuzi! Halafu huko kwao wamepanda mkonge. Mkonge, kama maua! Babu yako alikata mkonge Korogwe mpaka vidole vikapinda."

Nilicheka naye. Hata hapo sikusema.

Sasa ilimbidi azunguke kando ya barabara kuu, isiyo na njia ya miguu wala mti, karibu dakika arobaini. Mwezi wa nane, siku ambayo hata usukani wa gari ulichoma mikono, alianguka kabla ya kufika kituoni. Jirani yake Mkongo aliyekuwa akipita na gari ndiye aliyemwokota. Nilipofika hospitali, daktari aliniambia joto lilikuwa limeharibu figo.

Siku ya tatu alipata nguvu ya kuongea. Nikavuta kiti.

"Shangazi, ukuta ule niliuchora mimi."

Akanitazama. "Wewe?"

"Mimi."

"Na ulijua napita pale?"

"Nilijua."

Akageuzia uso dirishani. Akaomba maji, nikamnywesha kwa mrija, akameza kidogo kidogo.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningetafuta kazi nyingine mapema."

Hakunigombeza, na mimi nilitamani anigombeze.

Wiki chache baadaye nilikwenda kwenye kikao cha wazi cha mji kuomba mlango ukutani. Nilipewa dakika tatu, nikaonyesha picha ya ile njia. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mkazi wa nyumba zile aliyekuja kulalamika. Hakuwapo, saa ile walikuwa kazini. Ombi likakataliwa. Kesho yake bosi alifunga mlango wa ofisi yake, akaniambia nikithubutu tena kusimama dhidi ya mteja wetu, nitafute kazi kwingine. Nikarudi mezani kwangu. Bado nafanya kazi pale.

Figo hazikupona. Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa shangazi, alimhamishia kwake Sharpstown, Houston, na huko anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Kila mwezi naendesha gari kwenda kumwona. Ukuta hatujautaja tena. Namwamkia, anaitikia marahaba, ananiuliza kama barabarani kulikuwa na foleni, kisha tunakaa mbele ya televisheni, yeye na blanketi lake magotini, mpaka saa yangu ya kuondoka ifike.