Kizingiti cha Benki Yetu

Juzi nililala benki, rafiki yangu, na usinicheke. Mvua ilinikuta Malaba, malori yamepangana barabarani usione mwisho, nikaingia lojingi ya kwanza niliyoiona. Nilipofika mapokezi ndipo nikalitambua lile jengo: sakafu ile ile nyekundu, kaunta ile ile ya mbao, ila sasa imepangwa sabuni na ndala za wageni. Nikapewa ufunguo. Sikuhisi kitu, nikapanda kulala.

Kabla ya kuwa benki, ilikuwa nyumba ya mnunuzi wa pamba. Mkewe akipika ghorofani, harufu ya bizari ikiwashukia wakulima na magunia yao. Bibi yangu aliuza pamba pale tangu alipoolewa. Mnunuzi akahama, benki ikaja na feni yake, nasi watoto siku za soko tukijifanya tumetumwa ili tusimame tu chini yake. Babu aliweka hati ya shamba letu katika sefu yao. Nyumba ya nyasi haitunzi karatasi, alikuwa akisema.

Kisha benki ikatangaza inafunga tawi. Kila mwenye amana aje mwenyewe kabla ya Ijumaa jioni. Yalikuwa yamepita majuma mawili tu tangu Babu afariki, na Bibi alikuwa hajanyolewa. Kwetu mjane ambaye hajanyolewa haingii nyumba ya mtu, asije akaacha kifo humo.

Ijumaa hiyo alinishika mkono tukaenda. Kwenye ngazi akasimama. Karani, kijana mpole, akaja mlangoni.

"Mama, ingia tu. Unaweka kidole kwa kitabu, unaenda."

"Leta hiyo kitabu hapa inje, mwanangu."

"Haitoki, mama. Ni sheria."

"Na mimi siingii. Hii ni nyumba ya watu. Hata moshi ya jikoni nilikuwa naona."

"Hakuna mtu analala hapa siku hizi. Ni ofisi tu."

Bibi akatazama madirisha ya juu. "Uko na watoto?"

"Wawili, mama."

"Basi siingii."

Tuliketi ng'ambo ya barabara tukitafuna njugu za kuchemsha. Nilimvuta leso, nikalia, nikamwambia kwamba hata yule karani mwenyewe haogopi. Akanimenyea njugu nyingine. Jioni mlango ukafungwa.

Aliponyolewa, alipanda basi hadi Kisumu, ambako amana zilikuwa zimepelekwa. Mdogo wake babu alikuwa amemtangulia na barua ya chifu kwamba yeye ndiye mrithi, akaondoka na hati. Msimu wa mtama haukupita kabla shamba halijauzwa.

Nilimkasirikia Bibi miaka mingi. Mtu aliyesoma madarasa mawili ningemsamehe, nilijiambia, lakini yeye alielewa kila kitu. Sasa hata hasira imeisha. Nimebaki najua tu, kama mtu anavyojua bei ya sukari. Siku hizi wajane hunyolewa juu juu, mkasi ukapitishwa karibu na nywele, mtu akarudi kazini Jumatatu.

Asubuhi nilipita shambani kwetu. Ni maegesho ya malori, kokoto tupu na oili. Kaburi la babu liko chini ya magurudumu, upande gani sijui. Aliyejua ni Bibi, naye tulimzika Alupe, kwa kaka zake, kama msichana ambaye hakuwahi kuolewa.