Kiti Kisichorudi Nyuma

Watu wakimwona Wachuka kwenye kiti cha magurudumu hudhani anachotamani ni kutembea. Mimi nimeketi naye bega kwa bega miaka minne, cherehani yake hii, yangu hii, katika kibanda kimoja cha mabati pale Free Area, Nakuru, na ninajua sivyo. Alichotamani ni kupanda kilima cha Wanyororo na kufika kwa mama yake bila mkono wa mtu mgongoni.

Alizaliwa huko juu, kwenye shamba ambalo babu yake alipewa wakati mashamba ya wazungu yalipokatwa vipande. Lami inapita chini. Kutoka hapo mpaka kwao ni kilomita moja na nusu ya murram, barabara ya changarawe, inayopanda tu, kushoto waru, yaani viazi, kulia sukuma na ng'ombe wa watu. Wachuka aliipanda njia hiyo kila siku ya utoto wake. Alipomaliza kidato cha nne alienda Naivasha kuchuma waridi, akakaa huko miaka kumi na moja, na kila mwisho wa mwezi alirudi akapanda kilima na mfuko wa unga begani. Halafu asubuhi moja ya ukungu mzito basi la wafanyakazi likapinduka kando ya ziwa. Wenzake wengi walitoka na mikwaruzo. Yeye alitoka akiwa hahisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini.

Alijifunza kushona akiwa bado hospitalini. Kazi yake ni safi kuliko yangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Kwao alikuwa akipelekwa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, na kaka yake Hiram. Hiram si mtu mbaya. Lakini ana gari la kurudisha, ana watoto wanaomngoja, na husukuma kiti haraka haraka kama anayewahi soko na gunia la kabeji. Pasaka ya juzi alimfikisha uani, simu ikalia, akaenda kuongea nyuma ya zizi. Kiti alikuwa amekiacha kikitazama ukuta wa choo. Ardhi pale imelala upande, na Wachuka aliogopa kujigeuza akaanguka mbele ya mama yake. Basi akautazama ukuta ule karibu nusu saa, huku mama akihangaika na chai jikoni. Walipomaliza kunywa, Hiram akasema twende.

"Nilifika nyumbani na sikufika, Mama Shantel," aliniambia Jumanne iliyofuata. Mama Shantel ni mimi. Jina langu ni Nabalayo, ila hapa hakuna anayelitumia.

Mama yake hashuki kilima tena kwa sababu ya magoti. Walikuwa wakiongea kwa simu kila jioni kabla hatujafunga. Mama alimwambia ng'ombe gani ana mimba, jirani gani amekata miti, ukungu umefika wapi. Wachuka alikuwa akisikiliza macho yamefungwa. Akikata simu aliifunika cherehani yake, nasi tukafunga.

Kwa nini asijaribu mwenyewe? Alijaribu. Shida ya kilima ni moja: unasukuma magurudumu kwa mikono miwili, kiti kinapanda kidogo, halafu lazima uachilie ili ushike upya. Hapo unapoachilia ndipo kiti kinapokurudisha. Ukikaza breki huwezi kusukuma. Ukiilegeza unaondoka na mteremko. Hata ile sakafu ya saruji inayopanda kuingia kibandani kwetu, hatua nne tu za mtu mzima, ilimtoa jasho kila asubuhi.

Ndivyo Makhanu alivyomkuta, mwezi wa nane. Makhanu ni fundi wa gia boksi katika jua kali, zile karakana za wazi zilizo nyuma ya reli. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Siku hizi magari yote ni otomatiki, kwa hivyo hakosi kazi. Alikuwa ameleta ovaroli iliyochanika mgongo. Akasimama mlangoni akamwangalia Wachuka akipanda, akirudi, akipanda, akirudi.

"Dada, hicho kiti kinakurudisha," akasema.

"Kinanirudisha tangu nikijue."

"Unaijua friwili ya baiskeli?"

"Ile inayolia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga?"

"Hiyo hiyo. Ndani kuna vilimi vidogo vya chuma na springi. Gurudumu likienda upande mmoja, vilimi vinateleza juu ya meno, ndiyo unasikia hiyo tik-tik. Likitaka kwenda upande wa pili, vinaingia kwenye meno na kushika. Nikikuwekea kitu kama hicho kwenye kila gurudumu, utaenda mbele upendavyo, lakini nyuma hurudi hata kidogo. Unaachilia mikono, unajikuna kichwa, unaendelea."

Nilidhani Wachuka atafurahi. Alikunja uso.

"Na nikitaka kurudi nyuma? Hapa ndani nageuka mara mia kwa siku. Utanifanya kama ng'ombe kwenye njia ya josho, mbele tu mpaka nitumbukie."

Makhanu alicheka, halafu akaiweka ovaroli juu ya meza yangu. "Hilo sikulifikiria," akasema, akaenda zake.

Alirudi baada ya siku tatu na gunia dogo linalonuka oili. Alikuwa amefungua gia boksi iliyokufa ya gari moja la otomatiki, na ndani yake alikuwa ametoa pete mbili za chuma zenye mashimo yaliyochongwa pande zote kama meno. Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akachora juu ya meza.

"Tazama. Hii pete inafungwa kwenye gurudumu, inazunguka nalo. Hapa kwenye fremu ya kiti, mahali pasipozunguka, naweka vilimi. Hivi vinatazama huku, vinazuia kurudi nyuma. Hivi vinatazama kule, vinazuia kwenda mbele. Vyote vina springi chini, vyote vinatamani kuruka viingie kwenye meno."

"Basi vitashika vyote," nikasema.

"Vingeshika. Lakini katikati naweka bati jembamba lenye madirisha. Penye dirisha, ulimi unachungulia na kushika. Pasipo na dirisha, bati limeukandamiza, hauna la kufanya. Sasa bati linavutwa na swichi iliyo chini ya mkono wake, moja kila upande." Akamgeukia Wachuka. "Swichi ikiwa mbele, madirisha yanafungulia vilimi vya kuzuia kurudi nyuma peke yake: unapanda, hurudi. Ikiwa katikati, hakuna dirisha: kiti ni huru, unageuka utakavyo. Ukiivuta mwisho, vyote vinatoka: huendi popote, umeegesha."

Wachuka aliutazama mchoro ule mpaka chai yake ikapoa. Alipoongea sauti ilikuwa ndogo. "Kwa hivyo ni mimi ninayekiambia."

"Ni wewe."

Ilichukua wiki sita, kwa sababu Makhanu aliifanya baada ya kazi zake, na kwa sababu mara ya kwanza haikufaa. Tulikwenda kuijaribu kwenye mteremko karibu na reli. Wachuka akasukuma mara tatu, tik-tik-tik, akaachilia mikono. Kiti kikarudi upana wa kiganja, halafu kikashikwa kwa kishindo mpaka magurudumu madogo ya mbele yakainuka. Mimi nilipiga mayowe. Makhanu alikuwa ameshamdaka.

"Meno yako mbali mbali," akasema, uso umemwiva kwa aibu. "Kabla ulimi haujapata jino, kiti kimeshapata mbio."

Alichofanya ni kuongeza ulimi wa pili, akaupanga ili wa kwanza ukiwa kwenye jino, wa pili uwe katikati ya meno mawili. Hapo kiti hakikuweza kurudi zaidi ya upana wa kidole kabla ya mmoja wao kushika. Kisha akachomelea vigurudumu viwili nyuma ili kisipinduke. Siku ya kumkabidhi alimpa onyo moja tu.

"Ulimi ukiwa umebeba uzito wako, usipigane na swichi. Bati haliwezi kuusukuma chini, umebanwa. Sukuma kiti mbele kidogo kwanza. Uzito ukitoka, swichi itakuja kama siagi."

Wachuka hakumwambia Hiram. Hakumwambia hata mama yake. Nilitaka kwenda naye, nikaomba, nikakasirika. "Ukija nitakuwa nimepelekwa tena," akasema. Basi Jumamosi ya kwanza ya Desemba alipanda tuktuk ya Jerry, kijana anayetubebea vitambaa, kiti kikiwa kimekunjwa pembeni. Jerry alimshusha pale murram inapoanza, akamwekea kiti, akashika vishikio vya nyuma kwa mazoea.

"Jerry, niache."

"Mathe, hii mlima si mchezo."

"Najua ni mlima gani. Nenda."

Yaliyofuata amenisimulia mara tatu, na kila mara anaanza pale pale: mahali alipopumzika kwa mara ya kwanza. Alisukuma labda mita hamsini, mabega yakawaka moto, akaachilia. Kiti kikatulia kama kimepandwa ardhini. Akaweka mikono yote miwili mapajani. Akageuza shingo: chini yake Nakuru yote ilikuwa imelala kwenye jua, mabati yaking'aa, ziwa limejaa mpaka kwenye miti, mlima wa Menengai upande wa kulia. Miaka sita aliipita sehemu ile akiwa amesukumwa mbio, macho kwenye mawe ili asianguke. Alikaa pale mpaka akasikia baridi, na hakuna aliyemwambia twende.

Aliendelea hivyo, kusukuma na kutulia. Wanawake waliokuwa wakipalilia waru walisimama wakamtazama. Mmoja alitaka kuja, akamzuia kwa mkono.

Karibu na mwisho, pale njia inapobana kati ya kingo mbili, trekta ilitokea juu ikiwa na trela ya kabeji. Dereva alipiga honi. Alifunga breki, trekta ikasita, trela ikaisukuma, ikaja tena. Nyuma ya Wachuka, hatua chache, kulikuwa na mdomo wa geti la jirani. Alihitaji kurudi nyuma, kitu ambacho kilima kizima kilikuwa kimemlazimisha kukifanya miaka yote, na sasa ndicho alichokihitaji na kiti kilikuwa kimekataa. Alivuta swichi. Haikusogea. Akaivuta kwa nguvu zote, dereva akipiga kelele, "Toka! Toka!"

Anasema alilia. Halafu akakumbuka. Badala ya kuivuta swichi, akashika magurudumu na kusukuma mbele, kuelekea trekta ile ile, upana wa kidole tu. Upande wa kushoto ukalegea, akatelezesha swichi ya upande huo katikati. Akashikilia. Upande wa kulia akaufanya vivyo hivyo. Kiti kikawa huru, akakirudisha polepole mikononi mwake mpaka getini, akavuta swichi mwisho, akafunga. Trekta ikapita karibu naye, kabeji moja ikaanguka miguuni pake.

Dereva alisimamisha trekta chini, mahali penye tambarare, akapanda kwa miguu akihema. "Pole sana, madam. Nani anakusukuma?"

"Hakuna."

Alifika saa saba na robo. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Akazunguka uani mwenyewe. Akalitazama tangi la maji, kuni zilizopangwa, kuku. Aligeuka kila upande aliotaka. Mama yake alitokea shambani akiwa na chane la ndizi na fimbo. Macho yake hayaoni vizuri, alisimama mbali akauliza, "Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Mami."

Mama akatazama njiani, akangoja. Akatazama nyuma ya zizi. "Hiram yuko wapi?"

"Hiram yuko kwake."

Mwanamke yule aliweka ndizi chini. Akaja akashika viganja vya binti yake, akahisi malengelenge, akavigeuza juu chini kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Sijafagia." Kisha akaketi kwenye kizingiti akalia, uso kwenye kanga yake.

Walikula. Jioni ilipokaribia Wachuka akaomba jambo ambalo hakuwahi kuniambia katika miaka yote ya kushona pamoja. Baba yake, Mbugua, alikufa mwezi wa pili baada ya ajali, Wachuka akiwa bado amefungwa kitandani. Walimzika chini ya shamba, karibu na mto, chini ya makinga-maji matano, zile ngazi za udongo za kuzuia mmomonyoko. Hajawahi kufika. Hiram hakuwahi kupata muda, na yeye hakuwahi kuthubutu kumwomba.

Mama alimpeleka mpaka ukingo wa shamba, yeye akitembea kwa fimbo, Wachuka akijisukuma kando yake. Mbele ya kiti ardhi ilikatika, ngazi ya kwanza ya udongo, kisha ya pili.

"Pale," mama akanyoosha fimbo. "Penye maua ya pareto."

"Nataka kushuka, Mami."

"Najua."

Akavuta swichi, akafunga pande zote, akainama mbele kadiri mgongo ulivyomruhusu. Mama akaweka mkono begani kwake, si kumsukuma. Walikaa hivyo mpaka ukungu ukapanda kutoka mtoni.

Sasa huenda kila mwezi, na hulala huko Jumamosi. Makhanu ametengeneza viti vingine vinne, na kimoja kiko kwa mwanamke wa Gilgil ambaye hatujawahi kumwona. Nilimuuliza Makhanu kuhusu yale makinga-maji. Akachora kwenye meza yangu, akafuta, akachora tena.

Nami nilimuuliza Wachuka alichokiona siku ile pale ukingoni.

"Msalaba unaonekana," aliniambia, akitia uzi kwenye sindano. "Jina halisomeki."