Mazishi ya Gunzi

Nakumbuka Jumamosi moja huko milimani Ludewa, nikiwa mwinjilisti kijana niliyetumwa kutoka Njombe, mwaka ambao mlima uliporomoka kwa mvua ukafunika nyumba za watu. Tulizika siku tatu mfululizo. Waliobaki walilala kanisani, na miongoni mwao alikuwemo Yusta, mtoto wa miaka sita, aliyefiwa na mama yake. Tangu mazishi hakusema neno, wala uji hakuugusa.

Mwanangu, siku hiyo nilisikia wimbo wa mazishi nyuma ya kanisa, nikaenda. Watoto walikuwa wamelivika gunzi la mahindi kitambaa, wamelizika, na mmoja anahubiri kwa sauti yangu kabisa, hata kukohoa kwangu. Kisha Yusta akafukua udongo kwa mikono, akaliinua gunzi juu.

"Ameamka!"

Wote wakaanguka kwa kicheko.

Nikapandwa na hasira. Wanachezea msiba! Nikalinyakua gunzi, nikalitupa bondeni, nikawafokea mpaka wakatawanyika. Yusta akarudi kwenye kona yake, akafumba mdomo.

Bibi yake alinifuata. Hakunisalimu.

"Mwinjilisti, pale kaburini ulituhubiria nini?"

"Ufufuo, mama."

"Unauamini?"

"Nauamini."

"Basi mbona mtoto alipouamini umemnyang'anya? Siku zote hizi nambembeleza ale hata kijiko kimoja. Leo kacheka, wewe umemzima. Haya, nenda ukamrudishe."

Nilitafuta gunzi jingine, nikapiga magoti mbele ya Yusta, nikamwomba msamaha. Aliniangalia, akalisukuma gunzi pembeni.

"Wewe ndiye uwe maiti."

Nikalala kwenye tope na suti yangu ya pekee. Watoto wakarudi, wakanifunika majani, wakaniimbia, na mhubiri wao akatangaza kwamba marehemu alikuwa mkali lakini alipenda viazi. Yusta akanivuta mkono. "Amka basi!" Nikaamka. Alicheka mpaka wazee wakatoka nje kutazama. Jioni alimaliza kikombe cha uji, akaomba kingine.

Nakuandikia haya kwa uchungu. Juzi hapa Makambako, baada ya upepo kuezua nyumba zetu, nilimwona mtu mzima aliyeleta msaada, simu mkononi, akiwaambia watoto waliokuwa wakiruka kamba, "Acheni kucheka, tunapiga picha za maafa." Na wazee wenzangu wakamsaidia kuwanyamazisha! Nani alimpa ruhusa? Ametoa blanketi, hajanunua uso wa mtoto.

Mwanangu, mtoto anayecheza baada ya maafa hajawasahau wafu wake. Mpe chakula, mpe pa kulala, kisha mwachie uwanja. Anayekuja kumnyamazisha, mzuie, hata kama amekuja na lori la unga. Mungu aliyetuacha hai akujalie ujasiri huo, aijaze nyumba yako kelele za watoto, nawe usichoke kumshukuru kwa ajili ya kelele hizo. Amina.